Ndege Nyepesi Si Mchezo wa Mabwana

Wako watu, na wengine wao ni ndugu zetu ndani ya Chama, ambao wakisikia habari ya kilabu cha ndege hucheka. Ati hayo ni mambo ya matajiri waliokosa kazi ya kufanya. Ati mtu wa Lukuledi ana haja ya maji, zahanati na bei nzuri ya korosho. Eropleni za kuchezea zamhusu nini? Wako na wengine, hawa ni wenye vyeo, wasemao kwamba taifa limekwisha kuwa na ndege, tena kubwa; kila moja ikifika twaipokea kwa ngoma na hotuba. Mwataka nini tena?

Twawajibu wote pamoja, kwa maana kosa lao ni moja. Hawa wa kwanza na hawa wa pili wote wanadhani kwamba ndege ni kitu cha kununuliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiuliza zinatengenezwaje, na nani, na mtu yule alianza wapi.

Ndugu wasomaji, tuanze na Waingereza, maana walitutawala na twazijua desturi zao. Tarehe 22 Februari 1925 Bwana Geoffrey de Havilland alirusha eropleni ndogo ya mbao na kitambaa iliyoitwa Moth. Ilikuwa na viti viwili, na mabawa yake yaliweza kukunjwa nyuma ili iingie katika kibanda. Mwaka ule ule Serikali ya Uingereza ilitoa fedha kuvisaidia vilabu vya raia wajifunze kuruka kwa ndege hizo. Wajifunze kwa ajili gani? Kwa starehe! Makarani, wauza duka, mabinti wa mabwana, wote walikwenda Jumamosi kuruka. Na kila kilabu kilichonunua Moth kilimpa de Havilland kazi ya juma lijalo. Miaka 27 baadaye, Mei 1952, kampuni ile ile iliyoanza kunawiri kwa ndege za Jumamosi ndiyo iliyotoa Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Safari yake ya kwanza ilikwenda London hadi Johannesburg, ikapita hapa kwetu Afrika Mashariki, Entebbe.

Sasa mtu atatuuliza: mbona Nairobi walikuwa na kilabu cha ndege tangu 1927, tena kikubwa, na hadi leo Kenya haina kiwanda cha ndege mfano wa kile cha de Havilland? Swali zuri. Ndilo swali tulilolitaka.

Masetla wa Kenya waliunda Aero Club of East Africa mwaka 1927. Miaka miwili baadaye Bibi Florence Kerr Wilson akaanzisha Wilson Airways, na ndege yake ya kwanza ilikuwa Moth. Kutoka katika kilabu kile walitoka marubani waliopata jina duniani. Mmoja wao, Beryl Markham, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza kwenda magharibi. Vita vilipokwisha ikaundwa East African Airways mwaka 1946, na ndege zake za kwanza zilikuwa za de Havilland vilevile. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ndipo tukaanzisha Air Tanzania. Kwa hiyo, tupende tusipende, shirika letu la ndege ni mjukuu wa starehe ya masetla. Lakini tazameni fedha zilikwenda wapi. Kila Moth iliyoruka juu ya Nairobi ilitoka Uingereza. Kila bawa lililovunjika liliagizwa Uingereza. Kilabu cha masetla kililisha kiwanda, naam, ila kiwanda chenyewe kilikuwa ng'ambo. Na karakana kubwa za East African Airways zilikuwa Nairobi. Siku ya kugawana, karakana haikatwi vipande vitatu kama mkate. Zilibaki Nairobi.

Hapo ndipo penye neno letu. Anayeruka kwa starehe humlisha mwenye kiwanda. Swali ni moja tu: kiwanda cha nani?

Watu wa Kusini hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu yeyote. Korosho ya Masasi na Newala inalisha viwanda, kila mtu ajua. Inalisha viwanda vya India na Vietnam, ambako hubanguliwa na kufungwa katika makopo. Sisi twabaki na vumbi la ghala na stakabadhi.

Tuwatazame basi Wabrazili, ambao walikuwa wakulima wa kahawa na miwa kama sisi tulivyo wa mkonge na korosho. Mwaka 1941 mwenye magazeti mmoja, Assis Chateaubriand, alianzisha kampeni ya kuwaomba matajiri wanunue ndege za mafunzo wazitoe zawadi kwa vilabu vya miji midogo. Magazeti yake yalipiga kelele kila siku. (Nasi tuna gazeti, mtu asituambie kwamba kelele za gazeti hazijengi kitu.) Ndege nyingi katika hizo zilijengwa Brazil kwenyewe, katika jimbo la São Paulo. Iliitwa Paulistinha, ya viti viwili, na zilitengenezwa zaidi ya 700. Kampuni ya kwanza ilipoacha, akaja fundi mwingine, José Carlos Neiva, ambaye alikuwa akijenga ndege zisizo na injini za kuchezea angani. Akaichukua Paulistinha, akaitengeneza upya kwa ajili ya vilabu vile vile. Wakati huo huo Serikali yao ilikuwa imefungua chuo cha uhandisi wa ndege mwaka 1950. Mwaka 1969 wakaunda Embraer. Wahandisi walitoka chuoni. Lakini mafundi wa kukata bati, wa kushona kitambaa, wa kukaza nati na kutia sahihi, hao walikuwa tayari wamelelewa na vilabu. Baadaye Embraer ilimnunua Neiva, na karakana yake ikawa ndiyo inayotengeneza ndege za kunyunyizia dawa mashambani, Ipanema, ambazo zimekwisha kupita 1,000. Leo Kenya Airways inabeba abiria kwa Embraer, nasi twapanda tukifungua midomo.

India nao walifanya hivyo hivyo. Kiwanda chao cha serikali cha Bangalore, Hindustan Aircraft, mwaka 1958 kilirusha ndege nyepesi iliyoitwa Pushpak, wakajenga kama 160 kwa ajili ya vilabu vya urukaji vya nchi nzima. Injini ilitoka Marekani. Hawakuona haya. Walijua kwamba mtu hujifunza kwanza kujenga mwili na bawa, na injini huja kwa zamu yake.

Kwa nini ndege ndogo ya mchezo iwe na nguvu hiyo ya kukuza ufundi, na jeti kubwa isiwe nayo? Tulieleze jambo hili polepole, kwa sababu ndipo wakubwa wetu wanapokosea.

Ndege kubwa ikiharibika moyo wake, yaani injini, hakuna wa kuufungua hapa. Mwezi Novemba 2022 Air Tanzania ililazimika kuziweka chini ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya ubovu wa injini zilizotengenezwa na kampuni ya Pratt & Whitney. Si kosa la marubani wetu wala mafundi wetu; mashirika mengine duniani yalipata taabu ile ile. Lakini sisi tulikaa tukingoja. Tuliingoja zamu yetu katika karakana za watu, kama mgonjwa asiye na ndugu hospitali. Ndege zilikuwa zetu, bendera ilikuwa yetu, na spana ilikuwa ya mwingine.

Ndege nyepesi ni habari nyingine. Kila baada ya saa 100 za kuruka yapasa ifunguliwe na kukaguliwa: plagi, mafuta, nyaya za usukani, matairi, ribiti za bawa moja moja. Chukua kilabu chenye ndege sita tu, kila moja ikiruka saa 300 kwa mwaka. Huo ni ukaguzi 18 kwa mwaka katika kibanda kimoja. Kijana aliyetoka shule ya ufundi akikaa pale miaka mitatu, ameifungua ndege na kuifunga zaidi ya mara 50, na kila mara amesimama pembeni ya fundi mkuu aliyetia sahihi jina lake kwamba chombo hiki kitaruka salama. Hakuna darasa litakalompa hayo. Wala hakuna jeti ya shirika itakayomruhusu kijana wa mwaka wa kwanza kuigusa.

Na kiwanda nacho chataka kuuza. Shirika la taifa litanunua ndege 10, labda 15, kisha litanyamaza miaka 20. Hakuna kiwanda kinachoweza kuishi kwa oda ya namna hiyo. Fundi hawezi kukaa bure miaka 18 akingoja. Vilabu hununua kidogo kidogo na kila mwaka, huvunja magurudumu, huomba propela, hutaka viti vipya, hulalamika, na malalamiko yao humfundisha mwenye kiwanda kuliko barua ya mhandisi. Tena yuko mtu wa tatu, ambaye husahauliwa: mkaguzi wa Serikali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga yaweza kuwa na sheria nzuri katika kabati, lakini mkaguzi hujifunza kutoa cheti kwa ndege iliyojengwa nchini kwa kuzikagua ndege zilizojengwa nchini. Aanze na ya viti viwili. Hataanza na ya viti 100.

Tulikwisha kujaribu kuanza na kubwa. Miaka ya 1970 zilikopwa fedha, vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangua korosho Kusini, na vingine viko hapa Masasi na Newala. Mashine zilitoka Italia na Japani, nzuri sana. Mwaka 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho. Mwaka 1986/87 hazikufika tani 17,000. Watu walikuwa wamehamishwa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ya kuvunja moyo, ukaja na ugonjwa wa ubwiriunga. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, popo wakahamia. Yeyote atakayekuja na ramani ya kiwanda kikubwa cha ndege, apite kwanza Newala atazame majengo yale.

Basi habari njema ni kwamba mwanzo mdogo umekwisha kupatikana, wala hatuna haja ya kungoja. Huko Morogoro kampuni iitwayo Airplanes Africa Limited, yenye asili ya Ucheki, inaunda ndege za viti viwili ziitwazo Skyleader. Uzito wake ikiwa imejaa watu na mafuta ni kilo 600 tu. Injini ni Rotax ya Austria, nayo yaweza kutumia petroli ya gari. Na ndege hii yenyewe ni mtoto wa vilabu: Wacheki kwa miaka mingi walikuwa na vilabu vya urukaji vya vijana nchi nzima, na ndege za mafunzo zilizotengenezwa kwao, ndiyo maana leo nchi ile ndogo ina karakana nyingi za ndege nyepesi.

Twawasikia wenye kubeza. Ati Morogoro wanaunganisha tu vipande vya wageni. Ati mwenye kampuni si Mtanzania. Kweli, na jambo hilo hatulifichi. Lakini ribiti inagongwa na mkono wa nani? Vijana wa Kitanzania wanajifunza pale. Shabaha yetu iwe kwamba mwaka hadi mwaka vipande vya hapa viongezeke: kwanza viti na vitambaa, kisha mabati, kisha propela. Hilo litawezekana ikiwa kiwanda kile kitapata wanunuzi nchini. Kisipopata, kitafungasha virago, nasi tutasimama kando tukisema, "Tuliwaambia." Tutakuwa tumewaambia nini, ikiwa hatukununua hata ndege moja?

Waafrika wenzetu wameonyesha njia. Wanijeria walichukua mchoro wa ndege ambayo Wamarekani hujijengea nyumbani kwa kupenda, RV-6A, wakaufanya ndege ya mafunzo ya jeshi lao la anga, wakaiita Air Beetle. Huko Afrika Kusini watu waliokuwa wakiruka kwa kujifurahisha walianzisha kiwanda cha ndege ya Sling, na leo wanauza hata Marekani. Mwaka 2019 vijana 20 wa shule, wa kila rangi, walijenga kwa mikono yao Sling ya viti vinne, kisha ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo. Vijana wa shule! Na hapa kwetu mwalimu mmoja wa Chuo cha Ufundi Arusha alijenga helikopta ya majaribio, na fundi mmoja wa Tunduma naye akaanza kujenga ya kwake. Tuliwapiga picha. Je, baada ya picha tuliwapa kibanda, mkaguzi wa kuwaongoza, na bati lisilotozwa ushuru wa anasa? Mtu wa namna hiyo akiwa katika kilabu, ana wenzake wa kumwambia bawa hili ni fupi, na rubani mzoefu wa kumkataza asiruke. Akiwa peke yake uani, yu hatarini.

Maana hatari ipo, wala hatutaki kuwadanganya wananchi. Denys Finch Hatton alikufa na Moth yake pale Voi mwaka 1931. Michael Grzimek, yule Mjerumani kijana aliyehesabu wanyama wa Serengeti na baba yake kwa ndege iliyopakwa mistari ya punda milia, aligongana na tai tarehe 10 Januari 1959, akafa. Kaburi lake liko Ngorongoro. Ndege nyepesi haimsamehe mzembe. Ndiyo sababu twataka vilabu vyenye sheria, daftari na mkaguzi.

Turudi sasa katika bonde letu, kwa kuwa kuna habari moja ya zamani ambayo vijana wengi wa hapa hawaijui. Mwezi Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana Lukuledi, katika vita ambayo babu zetu walibebeshwa mizigo na kufa njiani bila kujua kisa. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Novemba, ilitoka Bulgaria Zeppelin iitwayo L59, puto kubwa lenye injini, urefu wake mita 226, limebeba karibu tani 15 za risasi na dawa. Lilikuwa likienda wapi? Huku! Lilikusudiwa kushuka nyanda za juu za Wamakonde kumwokoa von Lettow-Vorbeck. Hapakuwa na gesi ya kulirudishia kwao, kwa hiyo walipanga livunjwe hapa hapa, kitambaa chake cha pamba kikawe mahema. Lilifika Sudan, likaitwa lirudi kwa sababu Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa nchi hii, na Lettow-Vorbeck yu mbioni kuvuka Ruvuma. Lilikaa angani saa 95.

Basi mara ile moja ambapo kazi bora ya viwanda vya ndege vya dunia ilielekezwa Newala, ililetwa kwa ajili ya vita ya watu wengine, na hakuna Mmakonde aliyeulizwa. Na Wajerumani hao, waliposhindwa na kubanwa na mkataba wa 1919 katika mambo ya ndege, walifanya nini? Kuanzia mwaka 1920 wanafunzi wao walipanda kilima cha Wasserkuppe na ndege za mbao zisizo na injini, wakateleza nazo kwenye upepo. Watu walidhani ni mchezo. Katika mchezo ule ndimo walimolelewa wahandisi wao. Kwamba baadaye Hitler aliutumia ufundi huo kwa uovu ni hukumu juu ya Hitler. Ufundi wenyewe ulitoka kilimani.

Je, sisi hatuna kilima? Mtu aliyesimama ukingoni mwa Newala akitazama bonde la Ruvuma, na upepo unapanda usoni mwake, atuambie. Je, hatuna mikono? Mmakonde huchonga kipande kimoja cha mpingo kikatoa watu kumi waliobebana, bila kipimo ila jicho. Propela nyingi za ndege nyepesi hata leo ni za mbao. Mpingo wenyewe ni mzito mno kwa kazi hiyo, lakini jicho lile na mkono ule havina uzito. Na viwanja tunavyo: Masasi, Mtwara, na kile cha Nachingwea kilichobaki tangu siku za mradi wa karanga wa Waingereza, mradi uliokula mamilioni ya paundi ukatuachia reli, nayo ikafungwa mwaka 1962 ikang'olewa. Reli wameichukua. Viwanja hawakuweza kuvibeba.

Kwa hiyo twadai mambo haya. Serikali iondoe ushuru wa vipande vya ndege nyepesi zinazoundwa nchini, na iviache vilabu vitumie viwanja vya Masasi na Nachingwea bila kutozwa kama mashirika. Shule za ufundi za Mtwara na Lindi zianze somo la matengenezo ya ndege ndogo, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiwapokee wahitimu wake. Ndege ya kilabu ambayo fedha ya umma imeingia iwe ya Morogoro, la sivyo fedha isitoke; hatutaki kurudia habari ya Nairobi ya 1927. Na vyama vyetu vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, vinunue ndege moja ya kwanza kwa shirika moja, iwekwe Masasi, na nafasi za kujifunza zigawiwe watoto wa wakulima kata kwa kata, wasichana kwa wavulana, Lukuledi ikiwemo.

Wenye kusema kwamba fedha hiyo ingechimba kisima, twawauliza: miaka yote ambayo hatukununua ndege, visima hivyo vilichimbwa? Makato ya korosho yanakatwa kila msimu. Wanachama wa vyama vya msingi wana haki ya kuuliza yanakwenda wapi na kusema yaende wapi. Hoja hii iandikwe katika ajenda za mikutano yao kabla ya minada ya Oktoba kufunguliwa, na kila tawi litakaloipitisha lituletee jina lake tulichape katika ukurasa huu.